Siku Sita Kwenda Ng'ambo ya Ruvuma na Mgeni Asiyeshika Jembe

Mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimemjibu "ilikuwa nzuri tu" kisha nikatazama chini. Si mnanijua. Nikiulizwa kwa mdomo maneno yanakimbia, ila nikipewa daftari yanarudi yenyewe. Kwa hiyo naandika mara moja, wewe Tatu, Jeni na wenzenu mpokezane, na mkimaliza mnirudishie bila kuchora pembeni kama mlivyofanya mwaka jana.

Kwa ambao hamjafika kwetu Ufukoni: Dada Amelia ndiye mpangaji wetu wa chumba cha uani. Ni Mmsumbiji, kwao Nampula, ila amekulia Pemba ya kule kwao, ambako wanasema lugha inayokaribiana na yetu, ndiyo maana Kiswahili chake kinaeleweka. Anatengeneza miguu ya bandia. Amekuja kwa ule mkataba wa biashara ambao nchi zetu zimekubaliana kwamba watu wa taaluma fulani wavuke, wafanye kazi kwa muda uliopangwa, halafu warudi kwao. Muda wake ulikuwa unaisha Jumamosi. Kazini walishamwombea muda mwingine na barua alikuwa nayo mkononi, lakini muda mpya hauanzi mpaka mtu atoke nchini na aingie upya kabla ule wa zamani haujaisha. Akichelewa siku moja tu, anaanza foleni upya kwao, miezi, na nafasi yake huku haitamsubiri. Watu tisa walishapimwa miguu na walikuwa wanamngoja. Habari za fomu siandiki, mtasinzia.

Jambo jingine la kujua ni kwamba Dada Amelia anaheshimu masharti kupita mtu yeyote niliyewahi kumwona. Aliambiwa: kazi hii tu, mahali hapa tu, nyingine yoyote hapana, hata ya bure. Basi kwetu anaosha sahani yake na kikombe chake, anaviweka, anaondoka. Zetu hagusi. Mama mwanzoni alimwona ana maringo, mpaka siku moja akaeleza kwamba kuosha sahani yake ni maisha, kuosha zetu ni kazi. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Mama ndiye aliyepanga niende naye. Bibi yangu anakaa karibu na mdomo wa Ruvuma, na mdogo wake Bibi ana boti ya kuvusha watu. Nilikuwa likizo. Nilimwambia Mama mimi sitamfaa, mimi ni yule mtu aliyewahi kupitilizwa vituo viwili kwa kuona aibu kusema nashuka. Mama akasema ndiyo maana naenda.

Jumatatu: Ufukoni hadi Msimbati

Kwa pikipiki ni safari ya asubuhi moja. Lakini Dada Amelia hapandi pikipiki. Anasema wateja wake wengi walianza safari yao kwa kupanda pikipiki. Kwa hiyo tukapanda Canter ya Kaka Mshamu, jirani yetu, aliyekuwa anapeleka magunia matupu ya korosho vijijini.

Kaka Mshamu alisema tutafika saa sita mchana. Hakusema kwamba kwanza atapitia Shangani kumpelekea dada yake kitanda, halafu atarudi mjini kwa sababu chaga za kitanda zilisahaulika, halafu atapitia Msimbati kuchukua samaki wakavu. Msimbati iko kwenye Mnazi Bay, si njiani hata kidogo. Saa sita mchana tulikuwa tunanunua chaga.

Msimbati mchanga ni mweupe na mgumu karibu na maji, magari yanapita juu yake kama barabarani. Kaka Mshamu alikata kona mapema mno, akaingia kwenye mchanga laini. Gari likakaa. Alipokanyaga mafuta likakaa zaidi, kama mtu anayejitengenezea nafasi kwenye mkeka.

Wakaja akina mama waliokuwa wanaanika dagaa, wakaja na vijana wa mpira, wote wakaweka mikono nyuma ya Canter. Mimi pia. Dada Amelia alisimama pembeni akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, uso umejaa huruma.

"Mimi siruhusiwi," aliwaambia.

Mama mmoja alimwuliza kama ni mjamzito. Akasema hapana. Akamwuliza kama ana mgongo. Akasema mgongo mzima, ni mkataba. Yule mama akanitazama mimi nieleze, na mimi, jamani, nikaangalia tairi.

Gari halikutoka. Yule aliyeuliza habari za mgongo, Mama Fatu, alitulaza kwake. Alitupikia pweza wa nazi, na pweza huyo nimemwota mara mbili tangu nirudi. Dada Amelia alimaliza sahani, akaiosha, akaiweka kando, akaacha zile tano nyingine palepale. Niliona Mama Fatu anahesabu sahani kwa macho. Nilijifanya nimelala.

Jumanne: Msimbati hadi kwa Bibi

Asubuhi gari lilitolewa kwa makuti na trekta, na Kaka Mshamu akadai ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Njiani tulisimama kila kijiji kushusha magunia. Ni msimu, chini ya mikorosho kumejaa mabibo, harufu yake inaingia garini mpaka unaionja. Dada Amelia alipewa bibo moja, akaliuma, juisi ikamwagika mpaka kiwikoni. Akasema kwao Nampula wanakula hivyohivyo, kisha akaniuliza kama kufika Jumamosi ni lazima au kuna siku ya huruma. Nikamwambia tutafika hata Alhamisi. Nilisema kwa uhakika kabisa, sijui uhakika niliutoa wapi.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na nataka niandike wazi kwa sababu nimekwisha kuomba msamaha kwa Mungu wangu na kwa Bibi pia.

Kwa Bibi ukifika na mgeni unakaa naye kwenye mkeka, mnapewa maji, halafu aliyemleta anasema habari zake: huyu ni fulani, wa fulani, kabila lake hili, kwao pale, kaja kwa jambo hili. Ndiyo namna. Mama angesema yote kwa dakika mbili. Kiwanja kilikuwa kimejaa watu waliokuja kumwona mgeni, na Babu Salumu, yule mdogo wake Bibi mwenye boti, alikuwa amekaa kwenye kiti akiningoja. Wote wakanitazama.

Nikasema, "Huyu ni Dada Amelia. Anataka kuvuka." Nikanywa maji.

Watu walingoja. Hapakuwa na zaidi. Basi wakamwona amevaa saa, ana mkoba wa ngozi, anatoka ng'ambo, wakaamua ni mtu wa ofisi kubwa ya Maputo. Wakaanza kumwita mheshimiwa.

Jumatano na Alhamisi: kusubiri injini

Barabara ya kwenda kivukoni ilikuwa imekatwa na mvua, kwa hiyo njia ilikuwa boti ya Babu tu, na injini ya boti ilikuwa kwa fundi mjini. Fundi alisema kesho. Kesho yake alisema jioni.

Siku hizi mbili zilikuwa tamu, sitadanganya. Tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa, na ugali wa muhogo kwa kaa wa mikoko. Bibi aliniita mke mwenza, akanidai nimwambie nilichompikia mume wetu, yaani marehemu babu yangu, alipokuja ndotoni. Dada Amelia aliitwa mheshimiwa asubuhi, mchana na jioni, akapewa kiti peke yake. Kila mtu alimsalimia kwa adabu sana. Nilidhani anafurahi. Jioni ya Jumatano nilimkuta amekaa uani anatazama mikono yake. Nikamwuliza kama tumbo linamsumbua. Akasema hapana, watu hapa ni wa heshima mno.

Alhamisi injini ikaja. Babu Salumu akaahidi Ijumaa baada ya swala. Nilifurahi hadi nikaimba, kimoyomoyo lakini.

Alhamisi hiyohiyo ilikuwa siku ya tatu. Mnaujua ule msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa watu wengi ni msemo. Kwa Bibi ni jembe. Analo kabisa, la mpini mfupi, linakaa nyuma ya mlango, na halitumiki kwa jambo jingine. Mgeni akishapewa analima kidogo tu, matuta mawili ya mihogo, halafu si mgeni tena; anapewa kikombe chake na jina lake linasemwa bila heshima ya mbali. Kaka Mshamu mwenyewe alishalima nalo. Bibi alitoka na jembe hilo amelishika kwa mikono yote miwili, akamnyooshea Dada Amelia mbele ya watu.

Dada Amelia alilitazama kama anavyotazamwa nyoka. Akarudi nyuma hatua moja.

"Asante sana, Bibi. Siwezi."

Bibi akadhani hajaelewa. Akaonesha kwa ishara, matuta mawili tu. Dada Amelia akatikisa kichwa, akasema tena siwezi, na akaweka mikono nyuma ya mgongo.

Mikono nyuma ya mgongo, Tatu. Mbele ya Bibi.

Bibi alilirudisha jembe nyuma ya mlango. Usiku chakula kilikuja, kizuri vilevile, ila kililetwa na jirani.

Ijumaa: petroli iliyokwisha

Baada ya swala Babu Salumu alikuja akiwa amevaa kanzu yake, akatazama mbali, akasema boti haina petroli. Dada Amelia akasema atanunua. Babu akasema dukani haipo. Nilijua ipo. Dumu lilikuwa uvunguni mwa kitanda nilicholalia, nilikuwa naisikia harufu yake tangu Jumanne.

Dada Amelia akaingia chumbani. Alitoa karatasi yenye orodha ya wale watu tisa, akaanza kuandika pembeni ya kila jina maelekezo kwa mtu atakayekuja badala yake. Huyu kisigino chake kina kidonda, asiharakishwe. Huyu anasema hapaumi lakini panauma. Nilisoma begani kwake hadi jina la nne, kisha nikatoka nje kwa sababu nilijua kabisa nani amemfikisha hapo, na hakuwa fundi wa injini.

Babu alikuwa amechuchumaa anageuza korosho kwenye jamvi. Bibi alikuwa karibu naye. Nilizunguka nyumba mara mbili. Mara ya tatu nikasimama.

"Babu, naomba kusema."

Babu akatazama kulia na kushoto kama anatafuta sauti ilikotoka. "Mke wangu, kumbe una ulimi."

"Dada Amelia hajalikataa jembe. Amekatazwa."

"Na nani?"

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nilianzia mwisho, nikasema habari za miguu kabla ya habari za mkataba, lakini yalitoka yote. Kwamba ameruhusiwa kazi moja tu. Kwamba akishika nyingine, hata ya bure, anaogopa atanyimwa kurudi. Kwamba kesho ndiyo siku ya mwisho. Kwamba hata nyumbani sahani zetu haoshi.

"Hata sahani?" Bibi akauliza.

"Anaosha yake tu."

Bibi akaanza kulainika, niliona mabega yanashuka. "Na kwao ni wapi wanakofundishwa woga wa namna hiyo? Maputo?"

"Nampula. Ni Mmakua."

Babu akaiacha korosho aliyokuwa ameishika ikaanguka. Akamtazama dada yake. Dada yake akamtazama.

"Mmakua," Babu akasema polepole. "Siku nne Mmakua anakalia kiti changu, anakula kaa wangu, na mimi namwita mheshimiwa. Siwema, umenivunjia heshima mbele ya waliokufa."

Jeni, wewe umetoka Mbeya, nakueleza: kwa Bibi, sisi Wamakonde na Wamakua ni watani. Mtani hapokelewi kwa adabu. Anatukanwa mlangoni, ananyang'anywa anachopenda, anatumwa, na akija msibani kwenu anakaa juu ya jeneza anadai hongo. Na yeye akiwakuta kwake, anawafanyia vilevile. Ukimkalisha mtani kwenye kiti na kumwamkia, umemwambia humtaki.

Bibi alikuwa ameshaondoka. Alipita kando yangu, akaingia chumbani kwa Dada Amelia bila kubisha hodi, akatoka na viatu vyake vyote viwili.

"Mmakua wewe, viatu vimekamatwa. Vinatoka kwa matuta mawili."

Dada Amelia alitokea mlangoni pekupeku. Nilidhani atakasirika. Uso wake ulifunguka kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya muda mrefu. Baadaye aliniambia kwamba tangu Jumanne aliposikia Kimakonde alikuwa anangoja kutukanwa. Hakutukanwa. Wakamwita mheshimiwa, akajua hapa hawajampenda.

"Mmechelewa," akamwambia Bibi. "Nilidhani Wamakonde wa huku mmesahau kuiba."

Kiwanja kizima kikapiga makelele. Babu akalichukua jembe, akamtupia miguuni. Dada Amelia akainama, mkono ukasimama juu ya mpini. Mkataba ulimrudia. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama hii ni kazi.

"Kazi inaombwa," Bibi akasema. "Sisi tumekuomba?"

Alifikiri muda mrefu, yaani nilimwona anapitia kila sharti kichwani. Kisha akasema bibi yake alishamchukulia Mmakonde mmoja kuku wa mayai, sokoni, mchana, na hakuna aliyeita biashara. Akalichukua jembe.

Alilima matuta mawili na nusu. Alilima vibaya sana. Watu walikaa kwenye kivuli wakimtukana bila kupumzika: Mmakua akilima jembe ndilo linalotokwa jasho, wauulize mhogo kama umewahi kupandwa kichwa chini. Naye anajibu kila tusi, kwamba haishangazi mihogo ya Wamakonde ni myembamba, inawakimbia wenyewe. Bibi alicheka hadi kilemba kikafunguka. Jioni chakula kilikuja na Bibi mwenyewe, sahani moja, tukala kwa mkono mmoja mmoja humohumo, na baada ya kula Bibi akarudisha kiatu kimoja. Cha pili alisema kitalala kwake kama dhamana.

Jumamosi: ng'ambo na kurudi

Petroli ilipatikana. Hatukuuliza ilikotoka.

Kwenye mdomo wa Ruvuma huwezi kwenda saa unayotaka. Maji yakipwa mchanga unatokeza katikati ya mto na boti inakaa juu yake kama bata. Tulingoja bahari ijae, tukaondoka karibu saa tano, tukapita katikati ya mikoko. Mahali pamoja palikuwa na viboko sita wamelala njiani. Babu akazima injini, tukangoja wamalize mazungumzo yao. Dada Amelia, mwenye kiatu chake kimoja mkobani, alimwuliza Babu kama hawa ndugu zake huwa wanachelewa hivi. Babu akajibu hao ni Wamakua, wangekuwa Wamakonde wangeshapisha.

Ng'ambo nilidhani nitaona nchi nyingine. Dada Amelia alipokuwa anagongewa muhuri, mimi na Babu tuliketi kwa mama mmoja anayeuza samaki wa kuchoma na ugali wao wanaouita shima. Nilikuwa nimejiandaa kutabasamu tu kwa vile Kireno sijui. Yule mama akanitazama, akaniuliza kwa Kimakonde kilekile cha Bibi, hata kuvuta maneno kulekule, mimi ni wa ukoo gani. Nikamjibu. Akaniongezea samaki mkia, akasema nimefanana na shangazi yake asiyependa kuongea.

Kurudi maji yalikuwa yanaondoka. Tulikwama kwenye fungu la mchanga, tukashuka wote kusukuma. Dada Amelia safari hii aliruka wa kwanza, akamwambia Babu asihesabu, hii ni kwa ajili ya roho yake mwenyewe. Jua lilishashuka tulipofika kituo cha mpakani upande wetu. Walikuwa wanafunga saa kumi na mbili. Ilikuwa kumi na moja na nusu. Babu hakuweza kuiacha boti kwa sababu maji yangeikimbia, akabaki kule chini majini, mbali na tope refu katikati yetu. Tukapanda wawili, matope magotini.

Alikuwepo afande mmoja dirishani, mtu wa makamo, mpole, aliyeonekana amechoka kwa siku nzima. Alisoma barua, akapekua, akauliza maswali na kujibiwa. Alishachovya muhuri kwenye wino. Akauliza, kwa namna ya mtu anayeuliza jambo hilo kila siku, kama katika muda uliopita alifanya kazi nyingine yoyote tofauti na hii.

Jibu ni hapana. Kila mtu anajua jibu ni hapana.

"Ndiyo," akasema Dada Amelia.

Afande akainua kichwa. "Ipi?"

"Kulima mihogo. Matuta mawili na nusu. Jana."

Afande akaulaza muhuri ubavu. Akamwuliza alilima kwa nani, na Dada Amelia akasema kwa Bibi yake huyu, akanionesha mimi. Akaulizwa kwa makubaliano gani. Akaanza kueleza, na Kiswahili chake ambacho siku zote kinamtosha kikamwishia palepale, akawa anasema viatu, viatu, na afande haelewi viatu vimeingiaje. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha afande. Nikawaza ile orodha, jina la nne, anayesema hapaumi.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, afande. Ni mtani wetu."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni Siwema. Mimi ni Mmakonde, yeye Mmakua. Bibi alimkamatia viatu ili alime. Yeye alikataa kwanza, alikataa mbele za watu, Bibi akanuna, na kosa lilikuwa langu kwa sababu sikusema kabila lake nilipomfikisha, niliona aibu. Hata sasa naona aibu."

Afande alinitazama, akamtazama Dada Amelia, akaitazama miguu yake, ambayo ilikuwa na tope tu.

"Walimlipa?"

"Hapana. Walimtukana."

"Wakati analima?"

"Tangu mwanzo hadi mwisho."

"Na yeye?"

"Aliwajibu."

Afande akaegemea kiti. Kisha akasema yeye ni Mnyamwezi, na kwamba siku moja alikwenda kuzika kwa watani zake Wazaramo kule pwani, akiwa na nguo zake nzuri, wakamwoshesha masufuria ya watu wote waliozika. "Kama ile ilikuwa kazi," akasema, "basi mpaka leo nadai pensheni."

Akamgeukia Dada Amelia, na sasa alikuwa serikali tena. Akamwuliza Jumatatu ataamkia kazi gani.

"Miguu," akasema Dada Amelia. "Tisa."

Akauchovya muhuri upya kwa sababu wino ulikuwa umekauka. Akagonga.

Tulitoka nje. Dada Amelia alikaa kwenye ngazi, akafungua ule ukurasa, akaufunga, akaufungua. Kule chini Babu alikuwa amesimama majini ameshika boti kwa kamba, ameinua mkono mmoja na kuuzungusha, yaani anauliza. Palikuwa mbali. Ningeweza kuinua mkono tu, angeelewa. Sijui kilichonipata. Niliweka viganja mdomoni nikapiga ukelele ambao sijawahi kupiga, hata kwenye michezo ya shule:

"Babu! Amepewa!"

Watu waliokuwa kivukoni wakageuka wote. Babu akangoja kidogo, halafu sauti yake ikapanda juu ya tope, taratibu, neno moja moja.

"Mwambie Mmakua asichekelee. Kesho kuna matuta manne."

Dada Amelia alisimama, akavuta pumzi ya kujibu, kisha akakumbuka. Akageuka kumtazama afande dirishani, kama anayeomba ruhusa.

Afande alikuwa amesikia kila kitu. Alinyoosha mkono na kulivuta dirisha, polepole, mpaka likafungika.